Mwangwi wa Mabondo

Jijini Mwanza, sangara mkubwa akipasuliwa, macho ya mnunuzi yanakwenda kwenye bondo kabla ya mnofu. Bondo ni mfuko mweupe, mnene, uliolala chini ya uti wa mgongo. Huoshwa, huanikwa, hupangwa kwa ukubwa, kisha husafirishwa hadi Hong Kong na China, ambako hupikwa supu ya wenye nazo. Bei ya kilo ya mabondo makavu imeipita ya kilo ya minofu kwa mbali sana, na wapo watu kandokando ya ziwa waliojenga nyumba kwa biashara hiyo moja.

Kwa sangara mwenyewe, bondo ni kibofu cha hewa. Akiongeza gesi ndani yake anaelea, akiipunguza anazama bila kuchosha mapezi. Sato anacho, furu anacho, dagaa anacho. Kwa hiyo samaki wengi wa Ziwa Victoria, kwa macho ya mtu wa fizikia, ni viputo vilivyofungwa ndani ya nyama. Na hesabu za tani za samaki ambazo mawaziri wa Tanzania, Kenya na Uganda wamekuwa wakizisoma tangu mwaka 1999 zimetokana na kusikiliza viputo hivyo. Hesabu hizo zinategemea dhana moja kubwa: kwamba kila kiputo kinajibu kivyake, bila kumjali jirani. Dhana hiyo ina historia ndefu, na mwanzo wake uko mbali sana na ziwa.

Mwaka 1881 yalifanyika Paris maonyesho makubwa ya kimataifa ya umeme. Watu walikwenda kushangaa taa, simu na mashine za Edison. Kwenye meza moja alisimama profesa wa hisabati kutoka Norway, Carl Anton Bjerknes, aliyetimiza miaka 56 mwaka huo, akisaidiwa na mwanawe Vilhelm, kijana wa miaka 19. Mbele yao palikuwa na beseni la maji, na ndani ya maji hayo vingoma vidogo vyenye ngozi ya mpira, vikisukumwa na kuvutwa kwa pampu ya hewa. Vingoma vilikuwa vikitanuka na kusinyaa, kutanuka na kusinyaa. Vikitanuka kwa pamoja na kusinyaa kwa pamoja, vilivutana na kusogeleana ndani ya maji. Kimoja kikitanuka wakati mwenzake anasinyaa, vilisukumana na kuachana.

Hakukuwa na uzi wala sumaku kati yao. Kilichokuwepo ni maji tu. Kingoma kinapotanuka kinasukuma maji kila upande, msukumo huo unamfikia jirani, naye anapotanuka anaurudisha. Ikiwa mwendo wao unalingana, jumla ya misukumo hiyo inawakokota wakaribiane. Bjerknes alikuwa ameyakokotoa hayo kwa kalamu miaka mingi kabla ya kuyaonyesha, tangu aliposikiliza mihadhara ya mwanahisabati Dirichlet huko Göttingen kwenye miaka ya 1850.

Lengo lake halikuwa samaki hata kidogo. Mzee yule alitaka kuonyesha kwamba nguvu za sumaku na umeme, zinazovuta vitu kutoka mbali, zinapitia katika kitu fulani kilichojaa angani kote, kile ambacho wanasayansi wa zama zile walikiita etha. Tatizo ni kwamba matokeo yake yalikuja kinyume: ncha mbili za sumaku zinazofanana husukumana, ilhali vingoma vyake vinavyofanana mwendo vilivutana. Etha nayo ilikuja kutupwa na wanafizikia wa karne ya 20. Vilhelm alichapisha kitabu juu ya kazi ya baba yake mwaka 1906, lakini mwenyewe alikuwa ameshageukia hali ya hewa, na leo anakumbukwa kama mmoja wa waasisi wa utabiri wake. Kilichosalia kwa baba ni jina. Nguvu inayovifanya viputo viwili vinavyotetema ndani ya maji vivutane au visukumane inaitwa nguvu ya Bjerknes hadi leo. Ni urithi wa ajabu kidogo kwa mtu aliyekuwa akiutafuta ulimwengu mzima, lakini wapo waliopata kidogo kuliko huo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kukijua kiputo kimoja kinaimba kwa sauti gani. Mwaka 1933 Marcel Minnaert, mwanafizikia aliyekuwa Uholanzi, aliandika makala kuhusu sauti za maji yanayotiririka. Alionyesha kwamba kiputo cha hewa ndani ya maji hutetema kama kitu kilichofungwa kwenye springi: hewa ndiyo springi, maji yanayokizunguka ndiyo mzigo. Kadiri kiputo kinavyokuwa kikubwa, ndivyo sauti yake inavyokuwa nzito. Kiputo chenye nusu kipenyo cha milimita moja, karibu na uso wa bahari, hutetema kama mara 3,260 kwa sekunde. Cha nusu kipenyo cha sentimita moja hutetema kama mara 326. Msukumo wa maji ukiongezeka, springi inakaza na sauti inapanda, kwa hiyo kiputo kilekile kinaimba juu zaidi kikipelekwa kina kirefu.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa iliyoukalia uso wake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kwa kanuni ya Minnaert, kiputo cha ukubwa uleule kikiwa karibu na uso wa maji ya Mwanza kinaimba chini ya mwenzake wa Dar es Salaam kwa kama asilimia 6 au 7. Sikio la mpiga zeze lingeitambua tofauti hiyo, maana inazidi kidogo nusu sauti ya muziki.

Viputo viwili vikikaa jirani, hali inabadilika. Vikitetema pamoja inabidi vyote viwili viyasukume maji yaleyale yaliyo kati na kando yao, na mzigo wa kila kimoja unaongezeka. Mzigo ukiongezeka, mwendo unapungua. Kwa hesabu rahisi, viputo viwili vilivyo sawa na vinavyokaribia kugusana vitatetema pamoja kwa masafa yaliyo chini ya kimoja peke yake kwa kama asilimia 18. Vikiwa elfu, wingu zima linaweza kuimba kwa sauti nzito ambayo hakuna hata kimoja ndani yake kingeweza kuitoa kikiwa peke yake. Wapiga hesabu wa manowari za Vita Kuu ya Pili walilijua jambo hilo vizuri, kwa sababu mapovu ya mkondo wa pangaboi huimeza sauti na kuificha meli. Wanasayansi Edwin Carstensen na Leslie Foldy walichapisha hesabu yake mwaka 1947.

Uvuvi uliingia katika hadithi hii kwa mlango wa Norway tena. Mwaka 1935 mtafiti Oscar Sund alichapisha mchoro uliopatikana kwa chombo cha kupimia kina cha bahari kwa mwangwi, meli ikiwa kwenye maji ya Lofoten. Juu ya mstari wa sakafu ya bahari palikuwa na doa refu lililotanda: chewa wa Aktiki, wakiwa tabaka moja. Chombo kilichotengenezwa ili kupima kina kilikuwa kimepima samaki. Baada ya vita kampuni ya Simrad ikaanza kuwatengenezea wavuvi vyombo vya namna hiyo, na mwaka 1965 Wanorway wawili, Dragesund na Olsen, wakaeleza namna ya kujumlisha nguvu ya miangwi yote ili kupata wingi wa samaki badala ya kutazama madoa tu na kukisia. Mwaka 1980 mtafiti Kenneth Foote, akifanya kazi Bergen, alilinganisha samaki wenye kibofu na wasio nacho. Alikuta kwamba asilimia 90 hadi 95 ya mwangwi wa samaki mwenye kibofu inatoka kwenye kile kibofu. Nyama, mifupa na magamba vinagawana kilichobaki.

Teknolojia hiyo ilifika maji ya Afrika Mashariki kabla ya kufika Victoria. Ziwa Tanganyika lilipimwa kwa mwangwi kwenye miaka ya 1970 chini ya mradi wa FAO, kwa ajili ya dagaa na migebuka yake. Kisha mwaka 1982 na 1983 meli ya Norway, Dr. Fridtjof Nansen, ikapita pwani ya Tanzania ikisikiliza na kutega nyavu. Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800 na kina kisichozidi sana mita 80, liliendelea kuhesabiwa kwa nyavu.

Nyavu zilikuwa zimefanya kazi kubwa, nisizidharau. Kati ya mwaka 1969 na 1971 meli Ibis ilikokota nyavu zake ziwani kote na kuonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini walikuwa furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi ambao kila ghuba ilikuwa na wake. Hesabu hiyo ilimfanya mtu mmoja mahali fulani aone unga. Katikati ya miaka ya 1970 kikajengwa Mwanza kiwanda cha kusaga furu kuwa chakula cha mifugo, na mwaka 1977 wanabiolojia kutoka Leiden, Uholanzi, akiwemo Frans Witte, wakaanza kazi yao katika Ghuba ya Mwanza kwa jina la HEST. Walikuja kuwaainisha furu wakati furu wamebakiza miaka michache. Sangara aliyeletwa kutoka Ziwa Albert kwenye miaka ya 1950, akaongezwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, alilipuka kwa wingi upande wa Kenya na Uganda, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 alikuwa ameijaza Ghuba ya Mwanza. Witte na wenzake waliandika mwaka 1992 kwamba aina kama 200 za furu zilikuwa zimetoweka au zinaelekea kutoweka.

Wavu wa kukokota chini una udhaifu wake. Haumpati anayeogelea katikati ya maji, na katikati ya maji ndipo dagaa anapoishi. Juu ya hapo, furu na sangara hawana mrija wa kutolea gesi haraka. Wakipandishwa ghafla kutoka mita 40, kibofu kinavimba kupita kiasi na wanafika juu matumbo yametokeza mdomoni. Wanasayansi walikuwa wakiipokea dalili ya kiputo sitahani, kila siku, muda mrefu kabla ya kuleta chombo cha kukisikiliza.

Mkataba wa kuanzisha LVFO, taasisi ya uvuvi iliyoasisiwa na nchi tatu za ziwa, yenye makao yake Jinja, ulitiwa saini mwaka 1994. Mradi wa utafiti uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya ukaleta meli Victoria Explorer, ambayo nyumba yake ilikuwa Mwanza kwenye kituo cha TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi. Agosti 1999 ulianza upimaji wa kwanza wa ziwa zima kwa mwangwi. Chini ya meli kulikuwa na chombo cha Simrad kikipiga mlio wa kilohezi 120, yaani mitetemo 120,000 kwa sekunde, mara sita ya kile ambacho sikio la kijana linaweza kusikia. Kabla ya kuanza, kigololi cha madini ambacho mwangwi wake unajulikana kilining'inizwa chini ya meli ili chombo kisidanganye. Kisha meli ikakata mistari kutoka pwani hadi pwani, kuvuka mipaka ya nchi tatu, huku wavu ukitegwa hapa na pale kuthibitisha nani hasa anajibu.

Baada ya safari tano, zilizokwisha Agosti 2001, Albert Getabu wa Kenya, Rhoda Tumwebaze wa Uganda na David MacLennan wa Scotland walichapisha matokeo: wastani wa kama tani milioni 2.2 za samaki, sangara akiwa zaidi ya nusu, dagaa kama robo kasoro. Kwa mara ya kwanza nchi tatu zilikuwa na namba moja.

Chaguo la kilohezi 120 ndilo moyo wa jambo. Bondo la sangara wa kawaida, kwa kanuni ya Minnaert, lingetetema lenyewe kwa mamia machache ya mitetemo kwa sekunde. Kibofu cha dagaa, chenye nusu kipenyo cha milimita mbili tatu, kingekuwa kwenye kilohezi moja hadi tatu kutegemea kina. Mlio wa kilohezi 120 uko juu mno ya hapo. Wimbi lake lina urefu wa kama sentimita moja na robo, na linapofika kwenye kibofu halikitanuishi wala kukisinyaza. Linagonga ukuta wake na kurudi. Kwa kuwa kibofu hakitetemi, hakina cha kumwambia jirani. Mwangwi wa samaki mia unakuwa, kwa wastani, mwangwi wa mmoja mara mia. Foote alilithibitisha hilo mwaka 1983 kwa samaki waliofungiwa kwenye kizimba. Mwenzake wa Bergen, Ingolf Røttingen, alikuwa ameonyesha mwaka 1976 mahali linapovunjika: samaki wakisongamana kupita kiasi, wa juu wanawatia kivuli wa chini na jumla inapungua. Msongamano kama ule wa vizimba vyake ni nadra ziwani, ndiyo maana kanuni imekubalika.

Wapimaji, basi, waliwapita samaki wa Victoria kwa sauti ambayo vibofu vyao haviwezi kuiitikia kwa pamoja. Ulikuwa uamuzi wa busara. Bila huo hakuna jumlisho, na bila jumlisho hakuna tani. Lakini unamwacha kando yule samaki ambaye maisha yake yote ni ya kundi.

Dagaa wa Mwanza, Rastrineobola argentea, ni wa oda moja na karpi. Samaki wa oda hiyo wana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio. Sauti ikipita majini, kibofu kinatikisika, vifupa vinapokea, sikio linasikia. Kwa hiyo kile kiputo ambacho mpimaji anakigonga ndicho ngoma ya sikio la dagaa. Sangara hana mpango huo. Mchana dagaa hukaa kwa makundi, na kwenye kundi kila mmoja ana viputo elfu pembeni yake. Jirani mmoja, akiwa umbali wa urefu wa mwili, huongeza mzigo mdogo sana kwenye mtetemo wa mwenzake. Elfu huongeza mkubwa.

Kwamba jambo hili lipo kwa samaki hai limeshaonekana kwingine. Mwaka 1995, kwenye Ghuba ya Lion kusini mwa Ufaransa, mtafiti Orest Diachok na wenzake walipeleka sauti nzito kupitia maji yenye sardini. Usiku, sardini wakiwa wametawanyika, sauti ilimezwa kwenye masafa ya samaki mmoja mmoja. Walipokusanyika makundi, sehemu ya umezaji ule ilishuka kwenye masafa ya chini zaidi, kama kundi zima limekuwa kiputo kimoja kikubwa. Mwaka uliofuata watafiti Feuillade, Nero na Love walichapisha hesabu ya makundi madogo ya samaki wakiyachukulia kama viputo vilivyofungamana, babu yake akiwa mzee wa Paris na vingoma vyake. Sauti ya namna hiyo inaweza kusema kitu kuhusu ukubwa wa samaki na mpangilio wa kundi, habari ambazo mlio wa kilohezi 120 unazipata kwa shida.

Ndani ya ziwa lenyewe kulikuwa na shida za haraka zaidi. Mojawapo ni vidudu. Mtu wa Mwanza ameona nguzo za moshi mweusi zikisimama juu ya maji asubuhi, kisha moshi ukifika nchi kavu unageuka kuwa mamilioni ya wadudu wadogo kwenye taa na madirisha. Baadhi yao ni Chaoborus, na kiluwiluwi chake, kinachojificha kwenye tope mchana na kupanda usiku, kina vifuko vidogo vya hewa mwilini. Wingu la viluwiluwi hivyo linaweza kujibu mlio na kuonekana kama samaki wadogo waliotanda. Pia maji yenyewe hubadilika. Kati ya Septemba na Aprili ziwa hugawanyika matabaka, na la chini hukosa oksijeni; samaki hupanda juu, wanabanana. Juni na Julai maji huchanganyika na samaki hushuka tena. Kipimo cha Februari na cha Agosti ni vya mazingira mawili tofauti.

Upimaji ulikatika baada ya mradi wa kwanza kwisha, ukarudi mwaka 2005. Safari hii namba zilileta ugomvi. Makadirio ya sangara yalishuka, na mwaka 2008 yalikuwa chini ya tani 400,000. Serikali zilitangaza operesheni za kumwokoa sangara, nyavu haramu zikachomwa kwenye mialo, watu wakapelekwa mahakamani. Wakati huohuo watafiti Jeppe Kolding, Oliva Mkumbo na wenzao waliuliza mwaka 2008 kama kitisho kikubwa ni uvuvi au rutuba nyingi inayomiminika ziwani kutoka mashambani na mijini. Mvuvi aliyechomewa makokoro hakuwa na muda wa mjadala huo, na sidhani kama kuna aliyemweleza kwamba sehemu ya ushahidi dhidi yake ilikuwa mwangwi wa mabondo.

Jibu la wapimaji lilikuwa kurudi kwenye kiputo kimoja. Mwaka 2012 Robert Kayanda wa TAFIRI, pamoja na Ian Everson na wengine, walichapisha vipimo vya nguvu ya mwangwi wa sangara mmoja mmoja vilivyochukuliwa humuhumu Victoria, kwa sababu kosa dogo katika jibu la samaki mmoja linazidishwa na ziwa zima. Mwaka mmoja baadaye Everson, Taabu-Munyaho na Kayanda walitoa makadirio ya samaki wa biashara wa ziwa kwa njia hiyo.

Dagaa bado ndiye mgumu, na ugumu wake uko juu ya maji kabisa. Chombo cha mwangwi kimefungwa chini ya meli kikitazama chini, kwa hiyo mita chache za juu hazisikiki. Usiku wa giza dagaa hupanda kuelekea mita hizohizo, na wavuvi wanalijua hilo tangu enzi za karabai za mafuta ya taa hadi taa za sola za leo: wanawasha, wanangoja wakusanyike chini ya mwanga, wanazungusha wavu. Asubuhi magunia yanashushwa kwenye soko la Mwaloni Kirumba. Yaliyomo ndani yake yalivuliwa, kwa sehemu kubwa, kwenye tabaka ambalo chombo cha meli hakilisikii.